Baridi yabisi si baridi ya bisi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno "rheumatism" na jina lake la Kiswahili

"Rheumatism" kwa Kiswahili inaitwaje?

Baridi yabisi. Jina hili limo kwenye kamusi tangu enzi za mkoloni, na wazee wa pwani walikuwa nalo mdomoni kabla ya hizo kamusi. Bara ya Kenya wengi husema "arthritis" moja kwa moja, au "ugonjwa wa viungo". Kwa Wakongo wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa utasikia rhumatisme. Wapo pia wanaolitohoa wakaandika rumatizimu. Si kosa, ila halijakaa, na mzee wa Pangani ukimwambia ana rumatizimu atakuuliza kama inaambukiza.

Ni ugonjwa gani hasa?

Si ugonjwa mmoja. Baridi yabisi ni kapu. Ndani yake watu wametupa kila kinachouma kwenye viungo, misuli, mifupa na mishipa: goti linalosagana, kiuno kisichonyooka asubuhi, vidole vilivyovimba, dole gumba la mguu linalowaka usiku. Madaktari wa leo wamelimwaga kapu hilo na kuhesabu magonjwa zaidi ya 100 tofauti. Sisi tunaozungumza lugha tu tumebaki na kapu, na sioni aibu, maana Waingereza nao walikuwa nalo hilohilo.

(Na hapa nisamehe kidogo: "viungo" navyo ni neno lenye vituko. Niliwahi kuhariri kijikaratasi cha afya kilichoandikwa "Je, viungo vyako vinakusumbua?" Mama mmoja aliyekisoma akajibu kwamba ndiyo, mdalasini umepanda bei.)

Neno la Kiingereza limetoka wapi?

Kigiriki. Rheuma maana yake ni mtiririko, kitu kinachochuruzika, kutokana na kitenzi rhein, kutiririka. Ili uelewe mtiririko unaingiaje kwenye goti, inabidi urudi kwenye utabibu wa Wagiriki wa kale, Hipokrati na Galeni, huyu wa pili ndiye Waarabu walimwita Jalinus. Waliamini mwili unaendeshwa na maji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Yakiwa sawa, uko mzima. Moja likizidi, unaumwa.

Balghamu ndiyo yenye kisa chetu. Iliaminika inajikusanya kichwani halafu inashuka. Ikitokea puani, hayo ni mafua. Ikishukia kifuani, kikohozi. Na ikipenya ikatuama kwenye kifundo au kiwiko, hapo ndipo maumivu ya viungo. Kwa hiyo karne nyingi neno hili halikuwa na uhusiano wa pekee na viungo. Lilihusu kila aina ya kuchuruzika. Alama yake bado ipo: Mfaransa mwenye mafua anasema ana rhume, na mwenye magoti mabovu ana rhumatisme. Mama mmoja, watoto wawili.

Anayetajwa kuwa wa kwanza kulipeleka neno upande wa viungo ni Guillaume de Baillou, daktari wa Paris aliyefariki mwaka 1616. Maandishi yake juu ya rumatizimu yalichapishwa mwaka 1642, yeye akiwa kaburini miaka 26. Aliona kwamba mtu anaweza kuumwa mwili mzima, viungo na misuli, na ikawa si jongo (gout) wala si mafua. Hilo lilihitaji jina, akalichukua lililokuwepo.

Na "baridi yabisi"?

Kiarabu, maneno yote mawili. Barid ni -a baridi. Yabis ni -kavu, -gumu. Mzizi wa kwanza umetuzalia watoto wengi: baridi, burudisha, burudika, burudani. Ndiyo, taarabu yako ya Jumamosi na goti la bibi yako ni ndugu kwa mzizi. Wa pili umezaa kidogo: yabisi, kuyabisika, uyabisi. Waliosoma sayansi kwa Kiswahili walikutana nalo darasani, kwani maada inaweza kuwa yabisi, kimiminika au gesi.

Lakini majina hayo hayakuunganishwa kwa bahati. Ni msamiati wa tiba ileile ya Jalinus, iliyopitia kwa Waarabu na Waajemi, akiwemo Ibn Sina (980 hadi 1037), ikaja kutulia kwenye miji ya pwani yetu pamoja na vitabu, manukato na waganga wake. Katika tiba hiyo kila kitu duniani, iwe chakula, mtu, majira au maradhi, kina sifa mbili: ni cha moto au cha baridi, na ni cha rutuba au cha yabisi. Rutuba hapo si mbolea ya shamba. Maana yake ya asili ni unyevu. Samaki ana hukumu yake, asali ina yake, tangawizi ina yake. Hadi leo mzee wa Unguja atakukataza kuchanganya vyakula fulani kwa kuwa "vyote baridi", bila kujua kwamba anamnukuu Mgiriki.

Basi "baridi yabisi" ni hukumu ya kitabibu kamili: maradhi yaliyo baridi na makavu. Jina la ugonjwa na maelezo yake vimo ndani ya maneno mawili.

Mbona Mgiriki anasema maji na Mswahili anasema ukavu?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa wote huu.

Tiba ni moja, maumivu ni yaleyale, majina yamepishana kabisa. "Rheumatism" inasema kuna kitu cha majimaji kimetiririka kikaingia mahali pasipo pake. "Baridi yabisi" inasema kuna mahali pamekauka. Katika jedwali la Jalinus balghamu ni baridi na rutuba, na baridi na yabisi ni sifa za nyongo nyeusi na za udongo. Kwa hiyo majina haya mawili yanatafsiriana kwenye kamusi, lakini yangekutana kwa mganga wa zamani yangepewa dawa zinazopingana.

Ninavyoliona mimi, jina la Ulaya lilitungwa na anayetibu na letu limeshikiliwa na anayeumwa. Daktari anajiuliza kitu hiki kimetoka wapi. Anayeumwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anajaribu kufunga kanga, vidole vimekakamaa kama vijiti vya muhogo mkavu. Yeye hajaona maji yoyote yakitiririka. Ameona ukavu. Kiarabu chenyewe, ambacho leo kwa ugonjwa kimeazima neno la Ulaya na kusema rumatizm, bado kinauita ugumu wa viungo tayabbus. Mzizi uleule wa yabisi.

Na fikra hiyo haijafa. Nenda kijiwe chochote Dar es Salaam, mtaje mtu anayeumwa magoti, utaambiwa "ute umekauka" au "mafuta ya magoti yameisha". Tiba? Bamia. Zikatwe, zilowekwe usiku kucha, anywe yale maji yanayovutika asubuhi kabla ya chai. Kavu itibiwe kwa utelezi. Kijana anayekuuzia bamia hizo kwenye mtandao na picha ya goti jekundu hajawahi kusikia habari za Ibn Sina, lakini hoja yake ni ya Ibn Sina kabisa. (Bamia ni mboga nzuri. Haiendi gotini. Inakwenda tumboni na kumeng'enywa kama mboga nyingine.)

Ukitaka kujua nani alikuwa karibu na ukweli, jibu linachekesha: wote wawili, kila mmoja kwa ugonjwa wake. Kwenye baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, goti hujaa majimaji kweli, na daktari anaweza kuyavuta kwa sindano ukayaona. Mgiriki angefurahi. Kwenye ule wa uzeeni, gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, inalika, mifupa inakaribiana, kiungo kinakuwa kigumu na kinalia kikikunjwa. Hapo Mswahili anachukua pointi.

Niandike "baridi yabisi", "baridi ya bisi" au "baridiyabisi"?

Baridi yabisi, maneno mawili. "Baridi ya bisi" imejaa mitandaoni, na ni baridi ya mahindi ya kukaanga.

Iko ngeli gani? Inatumikaje kwenye sentensi?

Inafuata "baridi", ngeli ya I-ZI: baridi yabisi imemshika, inamsumbua, ilimlaza wiki nzima. Yabisi haichukui kiambishi kwa sababu ni kivumishi cha mkopo, kama safi au hodari. Ukitaka kutaja mahali, tumia ya: baridi yabisi ya magoti, ya mgongo. Mtu "ana" baridi yabisi au "anaumwa" baridi yabisi. "Ameshikwa na baridi yabisi" inafaa zaidi ikiwa imemjia ghafla. Wingi hauna.

Je, ni sawa na jongo? Na athritisi je?

Hapa ndipo kapu linapoleta hasara, kwa hiyo nitakawia.

Mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu kliniki. Daktari alikuwa binti mdogo, akaamkia, shangazi akaitika marahaba, kisha akatoa hukumu yake mwenyewe kabla hajaulizwa:

"Mwanangu, mimi nina baridi yabisi. Niandikie sindano."

"Pole, mama. Inauma wapi?"

"Si nimekwambia, baridi yabisi. Kila mahali."

Yule binti hakubishana. Akamwambia, "Nikunjie ngumi, mama." Shangazi akakunja mkono wa kulia, vidole vikagoma nusu ya safari. Wa kushoto vilevile. Akaulizwa asubuhi akiamka ugumu huo unachukua muda gani kuachia. Shangazi akafikiri, akasema: "Mpaka niwe nimemaliza kufagia uwanja na chai imechemka." Daktari akaandika: zaidi ya saa moja, mikono yote miwili. Sentensi ile ya uwanja na chai ilimwambia mengi kuliko neno baridi yabisi lenyewe.

Maana tofauti ziko hivi. Ugumu wa asubuhi unaokaa saa nzima au zaidi, vifundo vidogo vya vidole na viganja, pande zote mbili kwa pamoja: hapo daktari anafikiria baridi yabisi ya kinga ya mwili, ile ambayo Kiingereza huiita rheumatoid arthritis. Ni ugonjwa wa wanawake zaidi kuliko wanaume, na Shirika la Afya Duniani limekadiria watu milioni 18 walikuwa nao mwaka 2019. Hauji kwa uzee. Binti wa miaka 30 anaweza kuupata. Ugumu unaoachia chini ya nusu saa, goti au nyonga inayouma ukitembea na kupoa ukipumzika: huo mara nyingi ni wa kulika kwa gegedu, na ndio unaowapata wengi kadiri umri unavyokwenda. Jongo ni kingine tena. Ni asidi ya yuriki iliyozidi kwenye damu ikaganda fuwele ndani ya kiungo, hupenda dole gumba la mguu, huja usiku kwa ghafla kiasi kwamba hata shuka likigusa mtu anapiga kelele.

Athritisi ni neno la jumla la uvimbe wa kiungo, kwa hiyo yote matatu yamo ndani yake, lakini si baridi yabisi zote ni athritisi: misuli na kano zikiuma bila kiungo kuvimba, daktari hataita athritisi.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu dawa hazifanani. Alopurinoli ya jongo haimsaidii shangazi. Methotrekseti ya shangazi inamezwa mara moja kwa wiki, na anayeimeza kila siku kwa kudhani ni kama panadoli anaweza kupoteza maisha. Na diklofenaki ya duka la dawa baridi hutuliza yote, ndiyo maana wengi huishia hapo, miaka inapita, vidole vinapinda, na tumbo na figo vinalipa.

"Rheumatoid" ina maana gani?

"Inayofanana na rumatizimu." Ile -oid ya mwisho ni ya Kigiriki, na maana yake ni mfano wa kitu. Jina lilitungwa na daktari wa London, Alfred Baring Garrod, mwaka 1859. Ni yeye aliyekuwa ameonyesha kwamba damu ya mwenye jongo ina asidi ya yuriki iliyozidi, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kutaka kutenganisha. Lakini jina lenyewe limekaa kiajabu: ugonjwa maarufu kuliko wote kapuni unaitwa "unaofanana na kapu".

Ni kweli ukinawa maji baridi baada ya kupiga pasi unapata baridi yabisi?

Bibi yangu wa Tanga alikuwa na pasi ya mkaa. Ukimaliza kunyoosha sare ukasogelea ndoo tu, sauti inatoka jikoni: "Usiguse maji! Unataka baridi yabisi?" Tulikaa na mikono hewani kama madaktari wa upasuaji mpaka ipoe.

Hapana, si kweli. Baridi haisababishi ugonjwa wowote kati ya haya niliyotaja. Hayasababishwi na maji ya bomba, sakafu ya saruji, feni wala kuoga usiku. Wagonjwa wengi husema maumivu huzidi kukiwa na baridi au mvua, na sina sababu ya kuwabishia wanavyojisikia. Ila kuzidisha maumivu na kuleta ugonjwa ni mambo mawili. Imani yenyewe imetokana na jina. Ukiuita ugonjwa baridi, lazima utamtafuta mchawi kwenye ndoo.

Kualisha vidole, yaani kuvikunja au kuvivuta mpaka vilie, nako kumesingiziwa. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alivialisha vya mkono wa kushoto peke yake kwa miaka 50 akauacha wa kulia, kisha akaandika mwaka 1998 kwamba hakuona athritisi mkono wowote. Mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza. Mkono wa mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini nani mwingine angejitolea?

Homa ya baridi yabisi ndiyo hiyohiyo?

Sivyo, na tafadhali usilipite swali hili kama una mtoto. Homa ya baridi yabisi huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza na koo: bakteria aina ya streptokoka, mtoto analalamika kumeza kunauma, siku chache yamekwisha. Wiki mbili tatu baadaye homa inarudi, na safari hii goti limevimba, kesho yake linapoa na kifundo cha mguu kinaanza. Mzazi anasema baridi yabisi, au anasema anakua huyo, anamkanda kwa mafuta ya karafuu, na kweli maumivu yanaisha. Viungo vinapona bila kovu. Moyo haupo hivyo. Daktari Mfaransa Lasègue alisema katika karne ya 19 kwamba ugonjwa huu unalamba viungo lakini unauma moyo, na sijaona aliyeusema vizuri zaidi: vali za moyo zinakakamaa, na miaka baadaye msichana anagundua akiwa mjamzito kwamba hawezi kupanda ngazi.

Penisilini inayotolewa wakati wa koo huzuia yote hayo. Aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, ili isijirudie. Neno "baridi yabisi" hapa linadanganya kwa sababu masikioni mwetu ni ugonjwa wa wazee.

Madaktari bado wanalitumia neno "rheumatism"?

Wamelistaafisha taratibu. Uingereza mwaka 1936 ilianzisha baraza lililobeba jina hilo pamoja na neno Empire, na leo warithi wake wanajiita Versus Arthritis. Chama cha madaktari wa magonjwa haya Marekani kililiondoa jinani mwake mwaka 1988, na jarida lao likafuata mwaka 2014. Jumuiya ya Ulaya ya magonjwa haya, iliyoundwa 1947 kupigana na rumatizimu kwa jina, ilibadili maneno mwaka 2021 ila herufi EULAR zikabaki. Kilichosalia ni jina la fani, rheumatology, na la daktari wake, ambalo alilibuni Mmarekani Bernard Comroe mwaka 1940.

Kiswahili hakijapata jina fupi la daktari huyo. "Daktari bingwa wa magonjwa ya baridi yabisi" ni refu mlangoni, lakini kila anayepita korido anajua anaingia wapi.

Kwenye fomu ya hospitali niandike nini?

Kama daktari alishakupa jina kamili la ugonjwa, nakili hilo kutoka kwenye kadi, hata kama ni la Kiingereza na hulitamki. Kama hajakupa, usiandike baridi yabisi peke yake. Andika kiungo gani, upande mmoja au miwili, tangu lini, ukiamka ugumu unakaa muda gani, na dawa gani umekwisha meza, pamoja na zile za kuchemsha. Nafasi isipotosha, geuza nyuma ya karatasi. Shangazi aligeuza, akaandika na mambo ya uwanja na chai.